Kula kwa kufuata misimu ya pwani: mwongozo wa kaya kuanzia kaskazi hadi vuli

Ushauri mwingi wa lishe unaosambaa umeandikwa kwa ajili ya nchi zenye theluji. Mwezi wa Desemba ushauri huo humhimiza msomaji ale vyakula vizito vya kuupasha mwili joto, wakati ambapo mtu wa Tanga au Mombasa analala madirisha wazi na bado anatokwa na jasho. Mwongozo huu unahusu kaya za mwambao kuanzia Dar es Salaam, Bagamoyo na Tanga hadi Unguja, Pemba na Mombasa, ambako mwaka hutawaliwa na pepo mbili, kaskazi na kusi, na mvua mbili, masika na vuli. Kila upepo na kila mvua huleta sokoni vyakula vyake na kuuletea mwili haja zake. Vilevile huleta hatari zake jikoni, na hizo ndizo zinazosahauliwa zaidi. Kubadili ulaji kwa msimu hakumlazimu mtu kujifunza mapishi mapya kila baada ya miezi mitatu. Kinachohitajika ni kubadili kwa wakati mambo machache: kiasi cha maji unachokunywa, saa za kula, mboga na kitoweo unachonunua, na namna unavyotunza chakula kilichobaki.

Hatua ya kwanza: tambua msimu wa mahali ulipo

Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, na ndicho kipindi cha joto kali, ambapo mchana Dar es Salaam hufikia nyuzi 32 au zaidi. Masika hunyesha kuanzia katikati au mwishoni mwa Machi hadi Mei. Kusi hushika wakati masika yakiendelea, na kuanzia Juni hadi Agosti huleta kipupwe, yaani miezi ya ubaridi na ukavu ambapo usiku joto hushuka hadi nyuzi 18 au 19. Baada ya hapo kusi hulegea, huja demani, kisha mvua za vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba.

Kalenda hii haimfai kila msomaji. Lindi, Mtwara, Ruvuma, Mbeya, Iringa, Dodoma, Singida na Tabora hupata msimu mmoja mrefu wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili, na mavuno yake makubwa huja kati ya Aprili na Julai. Anayeishi huko atafuata hatua zilezile, lakini itambidi asogeze miezi.

Misimu nayo haishiki ahadi kila mwaka. Vuli ya mwaka 1997 na ile ya 2023 zilileta mafuriko kutokana na El Niño, ilhali miaka ya 2020 hadi 2022 sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ilikosa mvua misimu kadhaa mfululizo. Kwa hiyo usikilize utabiri wa msimu unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, au idara ya hali ya hewa ya Kenya kwa walio upande huo, kabla ya masika na kabla ya vuli. Watu wengi hudhani taarifa hizo ni za wakulima na wavuvi peke yao. Mama au baba anayepanga bajeti ya chakula anazihitaji vilevile, kwa sababu utabiri wa mvua haba leo ni bei ya juu ya unga baada ya miezi michache.

Hatua ya pili: lisome soko kabla ya kupanga mlo

Chagua vyakula kumi ambavyo nyumba yako haiwezi kukaa bila hivyo, kwa mfano unga, mchele, maharage, nyanya, mchicha, samaki, nazi, mafuta, ndizi na tunda moja, uandike bei zake katika daftari mara moja kwa wiki. Baada ya mwaka mmoja utakuwa na kalenda ya soko lako mwenyewe, na hakuna mtaalamu atakayekupa iliyo bora kuliko hiyo.

Chakula kilicho katika msimu wake hujitambulisha. Fungu huwa kubwa kwa bei ileile, wauzaji huongezeka hata kando ya barabara, na tunda huwa limeiva mtini. Embe lililoivia mtini hunukia kwenye kikonyo, na ukilibonyeza kidogo kwa kidole gumba linakubali bila kubonyea kama uji. Embe lililochumwa changa likalazimishwa kuiva huwa na rangi nzuri ya nje, lakini kikonyo hakina harufu, na nyama ya karibu na kokwa huwa ngumu na chachu. Kulinunua hilo mwezi wa Oktoba kwa bei kubwa ni hasara, kwa kuwa majuma machache yajayo dodo na boribo zitajaa kila kona.

Kwa jumla, maembe huwa mengi kuanzia Novemba hadi Februari, na mananasi ya Kiwangwa huko Bagamoyo huja kwa wingi karibu na kipindi hichohicho. Machungwa ya Muheza hufurika katikati ya mwaka, hasa Juni hadi Agosti. Ukwaju na ubuyu huvunwa wakati wa ukavu, navyo hutunzika muda mrefu. Ndizi, mapapai na nazi hupatikana karibu mwaka mzima, kwa hiyo hivyo ndivyo vya kuegemea misimu inapopishana.

Hatua ya tatu: wakati wa kaskazi, panga maji na saa za kula

Katika joto kali mwili hupoteza maji na chumvi kwa jasho, na hamu ya kula hupungua. Ni kawaida mtu kushindwa kumaliza sahani ya ubwabwa wa nazi saa saba mchana, na si lazima ajilazimishe. Hamishia uzito wa mlo asubuhi na jioni. Kifungua kinywa kiliwe mapema, kabla jua halijapanda, na kiwe na kitu chenye nguvu kama viazi vitamu, mihogo, mayai au uji wa ulezi. Mchana uwe na chakula chepesi chenye maji ndani yake: wali kidogo na mchicha, samaki wa kuchoma na kachumbari, au maziwa ya mtindi na ndizi. Chakula cha usiku kisicheleweshwe mno, kwa sababu kulala tumbo limejaa katika chumba chenye joto humnyima mtu usingizi.

Usisubiri kiu ndipo unywe. Alama iliyo rahisi kuiangalia ni mkojo: ukiwa wa manjano mepesi, maji yanatosha, ukikolea na kupungua, umechelewa. Wazee wanahitaji kukumbushwa, kwa kuwa hisia ya kiu hufifia kadiri umri unavyosonga, na bibi anayesema hana kiu anaweza kuwa ameanza kuishiwa maji mwilini. Kwa mtoto mchanga ambaye hajatimiza miezi sita jambo ni kinyume na wanavyodhani wengi: hata katika joto la Februari hapewi maji, madafu wala juisi. Maziwa ya mama yana maji ya kumtosha, mradi anyonyeshwe mara nyingi zaidi na mama mwenyewe anywe vya kutosha.

Dafu ni kinywaji kizuri cha msimu huu, na bei yake hushindana na soda bila shida. Lina potasiamu nyingi, kwa hiyo mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari wake kabla ya kulifanya mazoea. Maji ya ukwaju, ya ubuyu na ya limau nayo yanaburudisha, lakini faida yake hupotea pale jagi moja linapotiwa kikombe kizima cha sukari. Jizoeze kuipunguza kidogo kila wiki. Ulimi huzoea ndani ya mwezi.

Maembe yanahitaji neno lake, kwa kuwa ndiyo furaha kubwa ya kaskazi na ndiyo yanayowasumbua wenye kisukari. Kikombe kimoja cha vipande vya embe kina takriban gramu 22 za sukari, pamoja na nyuzinyuzi, vitamini C na kile kiini cha rangi ya chungwa ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Mtu mwenye afya ale embe lake bila wasiwasi, na alile badala ya kulikamua, kwa sababu bilauri moja ya juisi hubeba maembe mawili au matatu ambayo asingeyamaliza kwa kutafuna. Mwenye kisukari hana haja ya kulisusa tunda hili: ale nusu ya embe dogo, baada ya mlo wenye mboga na protini, na siku hiyo apunguze wali au chapati.

Bahari wakati wa kaskazi huwa tulivu zaidi, vyombo hufika mbali, na samaki kama nguru, jodari na kolekole hupatikana kwa urahisi. Huu ndio wakati wa kula samaki wabichi mara nyingi. Wanunue asubuhi, uwabebe katika chombo chenye barafu au angalau kivulini, na wawe wamepikwa au wamewekwa kwenye jokofu kabla ya adhuhuri. Jodari na vibua wakiachwa kwenye joto hujenga sumu inayowasha mwili na kuleta uvimbe, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa wala kukaangwa.

Joto hilohilo huchachisha chakula. Mchuzi wa nazi uliopikwa saa sita mchana na kuachwa juu ya meza unaweza kuwa umechacha kabla ya magharibi. Kanuni inayokubalika ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na joto likipita nyuzi 32 kisizidi saa moja. Wali ndio unaodharauliwa. Ndani ya punje hukaa mbegu za bakteria zisizokufa kwa kupikwa. Wali ukikaa vuguvugu usiku kucha, mbegu hizo huamka na kutengeneza sumu, na kuupasha moto asubuhi hakuiondoi. Asiye na jokofu apike kiasi kitakacholiwa chote. Mwenye jokofu autandaze wali uliobaki kwenye sinia ili upoe upesi, kisha auingize ndani ukiwa umefunikwa, na kiporo hicho kiliwe kesho yake kikiwa kimepashwa mpaka kitoe mvuke sehemu zote.

Kwa miaka hii Ramadhani inaangukia ndani ya joto hili. Mwaka 2026 imeanza katikati ya Februari, na kwa kuwa mwezi huu hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka, utaendelea kuhamia Januari, hadi mwaka 2030 ambao utashuhudia Ramadhani mbili, moja mwanzoni na nyingine mwishoni. Mfungaji agawe maji yake kati ya futari na daku badala ya kuyanywa kwa mkupuo. Daku liwe na chakula kinachokaa tumboni, kama maharage, mayai, viazi vitamu au uji wa dona, na lisiwe na ng'onda, yaani samaki wa chumvi, wala achari nyingi, kwa sababu chumvi itamtesa ifikapo alasiri. Futari ya magimbi, mihogo au ndizi za nazi ni chakula kamili. Kaimati na sambusa zikae pembeni yake kama kionjo.

Hatua ya nne: wakati wa masika, linda maji kwanza, kisha furahia majani

Mvua kubwa zinapoanza, hatari huhama kutoka kwenye jua kwenda kwenye maji. Vyoo hufurika, visima vifupi huchafuka, mabomba yaliyopasuka hunyonya tope, na kipindupindu na homa ya matumbo hupata njia. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote kwa dakika moja kamili, au dakika tatu kwa wanaoishi kwenye miinuko inayopita mita 2,000, kisha yapoe yakiwa yamefunikwa kwenye chombo chenye mdomo mwembamba au bomba, ili mikono na vikombe visitumbukizwe ndani. Barafu na juisi za barabarani ziachwe mpaka masika yapite, pamoja na matunda yaliyokwisha kumenywa.

Kila nyumba ijue mchanganyiko wa kuokoa maisha pale mtu anapoharisha na hakuna pakiti ya dawa ya kuongeza maji mwilini: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usikadirie kwa mkono, kwa sababu chumvi ikizidi humdhuru mtoto. Mgonjwa anywe kidogo kidogo huku akipelekwa kituo cha afya, hasa anapoharisha maji matupu.

Uzuri wa masika ni majani. Baada ya mvua za kwanza huota mchicha wa porini, mnafu na mlenda, na majani ya kunde na ya maboga huwa laini na rahisi. Familia inayokula nyanya na kabichi mwaka mzima inapoteza hazina iliyo mlangoni. Nyanya zenyewe huwa ghali na mbovu wakati huu, kwa kuwa ukungu hushambulia mashamba na barabara za vijijini hazipitiki. Tumia ukwaju, embe bichi lililokaushwa au bilimbi kutia uchachu kwenye mchuzi.

Majani yaliyorukiwa tope yaoshwe jani kwa jani katika maji safi, yabadilishwe mpaka yasiwe na mchanga chini ya beseni, na yaoshwe kabla ya kukatwa, kwa sababu jani lililokatwa huachia vitamini zake majini. Uliza pia mboga zimelimwa wapi. Zile zilizomwagiliwa maji ya mifereji ya mjini na viwandani zinaweza kuwa na metali ndani ya jani lenyewe, na hakuna kuosha kunakoweza kuzitoa. Pika kwa muda mfupi, usimwage maji yake, tia mafuta kidogo au karanga za kusaga, kwa kuwa vitamini A huhitaji mafuta ili ifyonzwe, na umalizie kwa kukamua ndimu, ambayo huusaidia mwili kupata madini ya chuma. Chai ya rangi isinywewe pamoja na mlo huo, kwa kuwa hufunga madini hayo. Saa moja baadaye inatosha.

Kisamvu ni cha pekee. Lazima kitwangwe vizuri na kuchemshwa bila kufunikwa kwa muda mrefu, ili sumu ya asili iliyo ndani yake iondoke. Haraka ya kuni zilizolowa isimfanye mpishi akiepue mapema.

Kachumbari mbichi ipumzike katika wiki za mvua kubwa, au itengenezwe kwa vitu vinavyomenywa na kuoshwa kwa maji yaliyochemshwa. Dagaa wakavu hunyonya unyevu na kuota ukungu hata wakiwa ndani ya mfuko. Kila jua linapochomoza waanikwe saa mbili au tatu, warudishwe wakiwa wamepoa, na wenye harufu ya uvundo watupwe.

Hatua ya tano: wakati wa kipupwe, jaza ghala na hesabu sukari

Ubaridi wa Juni na Julai hufungua hamu ya kula. Supu, uji, chapati za moto na chai huwa na ladha ambayo havikuwa nayo Februari, na hapo ndipo watu wengi huongezeka uzito bila kuona sababu. Tazama chai peke yake: vikombe vinne kwa siku, kila kimoja na vijiko vitatu vya sukari, ni vijiko 12, yaani karibu gramu 48. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isivuke takriban gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na inafaa zaidi ikikaa kwenye nusu ya hapo. Chai imemaliza posho yote kabla hujala andazi. Mchaichai, tangawizi, iliki, karafuu na mdalasini vina utamu na harufu ya kutosha kuwezesha kijiko kimoja kukidhi haja.

Maji nayo husahauliwa, kwa sababu jasho limepungua. Matokeo yake ni choo kigumu na kichwa kuuma mchana. Anayeshindwa kunywa maji baridi asubuhi anywe ya vuguvugu yenye ndimu.

Machungwa yaliwe sasa, kila siku, na yaliwe na nyama yake na ule utando mweupe wa ndani. Gunia la Muheza linapoteremshwa sokoni, majirani wawili au watatu wakichanga wanapata kwa bei ndogo. Yahifadhiwe juu ya kichanja penye hewa, yasirundikwe kwenye mfuko wa plastiki, na lililooza moja litolewe mara moja.

Bahari wakati wa kusi huchafuka na wavuvi wadogo hubaki ndani ya miamba, kwa hiyo samaki hupungua na bei hupanda. Yanayosaidia ni kujua mwenendo wa mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza, hivyo mbalamwezi ikikomaa huadimika, nunua kabla. Pweza hupatikana zaidi maji ya bamvua, wakati bahari inapokupwa mbali, na miamba ikaachwa wazi. Siku zilizobaki kitoweo kiwe mbaazi, ambazo huvunwa kuelekea Agosti, kunde, choroko, maharage na mayai. Ng'onda aloweshwe usiku na maji yamwagwe mara mbili, kwa kuwa mtu mzima anashauriwa asivuke gramu tano za chumvi kwa siku, kiasi cha kijiko kidogo kimoja, na kipande kimoja cha samaki wa chumvi asiyeloweshwa kinaweza kukaribia hapo.

Kazi kubwa ya kipupwe ni ghala, na hapa sitaki msomaji apite haraka. Mahindi na maharage ya mavuno ya masika, pamoja na yale ya mikoa ya mvua moja, huwa na bei nafuu kati ya Juni na Agosti, kisha hupanda hadi kilele chake kabla ya mavuno mengine. Kaya inayoweza kununua gunia moja sasa inajilinda dhidi ya miezi migumu. Lakini mahindi yaliyowekwa yakiwa na unyevu huota kuvu wanaotengeneza sumukuvu, ambayo haionekani kwa macho, haina ladha, na haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2004 huko Ukambani, Kenya, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo na 125 wakafariki; mwaka 2016 watu walifariki pia huko Dodoma na Manyara. Kwa kiwango kidogo cha kila siku, sumu hiyohiyo huharibu ini pole pole.

Kabla ya kuweka, pima. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa na chumvi iliyoanikwa mpaka ikawa kavu kabisa. Jaza mahindi theluthi moja ya chupa, tia vijiko viwili au vitatu vya chumvi, funga, utikise kwa dakika kadhaa, kisha uiache itulie kwa robo saa. Chumvi ikigandamana kwenye kuta za kioo, mahindi bado yana unyevu unaopita asilimia 15 na hayafai kuwekwa. Chumvi ikianguka yote chini na kioo kikabaki safi, yako chini ya hapo; hata hivyo yaanike tena siku moja au mbili, kwa sababu kiwango salama kwa mahindi ni asilimia 13.5 au pungufu. Yaanikwe juu ya turubai au jamvi, kamwe si juu ya udongo mtupu. Punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zichambuliwe na zitupwe. Wasipewe kuku wala ng'ombe, kwa kuwa sumu hurudi kwetu katika maziwa na mayai.

Baada ya hapo weka kwenye mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa au pipa linalofungwa barabara, juu ya chaga na mbali na ukuta, na usifungue kwa wiki kadhaa za mwanzo ili wadudu waliomo wakose hewa na kufa bila dawa.

Anayeegemea muhogo azingatie jambo moja zaidi. Katika ukame muhogo mchungu huongeza sumu yake, na njaa huwafanya watu wafupishe siku za kuuroweka. Mwaka 1985 huko Tarime hali hiyo ilisababisha konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla na hauponi. Siku za kuroweka na kuanika zisipunguzwe hata jiko likiwa tupu, na unga huo uliwe pamoja na maharage, dagaa au mayai, kwa sababu protini ndiyo inayouwezesha mwili kuitoa sumu kidogo iliyobakia.

Hatua ya sita: demani na vuli, kausha kilichozidi na maliza cha zamani

Miezi ya demani ina jua, upepo na hewa isiyo nzito, hivyo ndiyo ya kukaushia. Majani ya kunde, ya maboga na mlenda yachovywe katika maji yanayochemka yenye chumvi kidogo kwa dakika mbili au tatu, yachujwe, kisha yaanikwe kivulini penye upepo, juu ya chekecheke na chini ya kitambaa chepesi cha kuzuia nzi na vumbi. Jua kali huyakausha haraka lakini huichoma vitamini A na kuyaacha rangi ya majani ya chai. Jani lililo tayari huvunjika kwa sauti mkononi. Likikunjamana bado lina maji na litaota ukungu chupani. Wenyeji wa Dodoma wamekuwa wakiishi hivi tangu zamani, na ni jambo la kusikitisha kwamba mijini tunaiona mboga kavu kuwa chakula cha shida.

Vuli ikianza, rudia ulinzi wote wa maji uliotajwa katika masika, hata kama mvua ni chache, kwa kuwa mvua ya kwanza baada ya ukavu ndiyo inayosomba uchafu wa miezi mingi. Mananasi na maembe ya mwanzo yanaingia sokoni, joto linarudi, na saa za mlo zianze kusogezwa taratibu: chakula cha mchana kipungue kidogo kila wiki, na mtungi wa maji urudi mezani.

Mwezi wa Novemba fungua ghala na ulikague. Mahindi ya mwaka jana, kama yapo, yaliwe kabla ya mapya. Maharage yaliyotobolewa na wadudu yatolewe na yale mazima yapikwe kwanza, na mboga kavu ziwekwe mbele ya kabati ili zitumike wakati majani mabichi bado ni haba. Gawanya kilichobaki kwa idadi ya wiki zilizosalia mpaka mavuno yajayo, uandike kiasi cha kila wiki kwenye daftari lilelile la bei, na kama hesabu haifiki, nunua pungufu hiyo sasa, kabla bei haijafika kilele chake Januari na Februari.